Magunia ya vitabu hayajengi maktaba

Haupiti mwezi siku hizi bila tangazo la kuchangia vitabu kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa Kigoma, walioko nyumbani na walioko Dar es Salaam. Anayetangaza huandika kwamba kitabu chochote kitapokelewa, na watu huitikia kwa moyo. Vitabu vinatiwa kwenye magunia na maboksi, vinapakiwa kwenye basi au treni, vinafika, picha ya makabidhiano inapigwa, na habari inaishia hapo. Mtaala mpya ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024 umeongeza kasi hiyo, kwa sababu nyumba nyingi zenye wanafunzi zimebakiwa na vitabu ambavyo mtoto anayefuata hatavihitaji. Vitabu hivyo lazima viende mahali, na mahali pa kwanza panapomjia mtu akilini ni maktaba.

Sina neno baya juu ya wanaochanga. Wengi wao walisoma kwa kuazima kitabu kimoja wanafunzi sita, na wanataka watoto wa leo wasipitie hayo. Ninachokipinga ni imani iliyo nyuma ya tangazo, kwamba shida ya maktaba zetu ni uchache wa vitabu, na vikiongezeka shida imekwisha. Nasema shida tumeitaja vibaya. Maktaba ya umma inasimama juu ya maamuzi matatu: kitabu gani kiingie, kipi kitoke, na nani apelekewe habari kwamba kipo. Gunia linaruka maamuzi yote matatu. Anayeamua kiingie nini ni mtu aliyekuwa anasafisha kabati lake; cha kutoka hakiamuliwi na yeyote; na msomaji anaachwa ajitafutie mwenyewe katikati ya lundo. Tukiendelea hivi tutakuwa na rafu zilizojaa na wasomaji wanaotoka mikono mitupu, kisha tutawalaumu wao.

Tulifikaje hapa? Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, nchi ikiwa na miaka miwili tu ya Uhuru, na sheria hiyo ikaandikwa upya mwaka 1975. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967, siku ya Uhuru yenyewe, na nadhani siku hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Mpango ulikuwa wa nchi maskini inayotumia akili: vitabu vinunuliwe Dar es Salaam, viorodheshwe huko na wataalamu wachache waliokuwepo, vipewe namba, kisha vigawanywe mikoani vikiwa tayari kukaa kwenye rafu. Kwa namna hiyo mkoa usio na mkutubi hata mmoja aliyesomea kazi ungeweza kuwa na maktaba iliyopangwa vizuri. Mpango ule ulikuwa na udhaifu mmoja tangu mwanzo, kwamba anayechagua akiwa makao makuu hasikii swali linaloulizwa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma. Lakini ulikuwa na nguvu ambayo leo tumeisahau: kila kitabu kilichofika mkoani kilikuwa kimechaguliwa na mtu ambaye kuchagua ndiyo kazi yake. Fedha zilipopungua miaka ya themanini, msaada ukachukua nafasi ya manunuzi, na pole pole tukazoea kwamba kitabu cha maktaba ni kitu kinacholetwa. Kizazi kizima kimekua bila kuona maktaba ikinunua kitabu dukani kama zahanati inavyonunua dawa.

Hapa niingize hesabu kidogo, maana mjadala huu hupenda kupimwa kwa wingi. IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, linashauri maktaba ya umma iliyokomaa iwe na vitabu kati ya 1.5 na 2.5 kwa kila mkazi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,470,967 katika mkoa wa Kigoma. Zidisha, utapata zaidi ya vitabu milioni 3.7 kwa kiwango cha chini kabisa. Hapo ndipo mwenye gunia anapata nguvu na kusema, mnaona, tuko mbali, leteni chochote! Ila mwongozo huohuo una kiwango cha pili ambacho hakitajwi kwenye matangazo: mahali penye watu zaidi ya 50,000, maktaba iingize vitabu vipya 0.2 kwa kila mkazi kila mwaka. Weka viwango hivyo viwili pamoja na somo linajitokeza lenyewe. Kati ya asilimia 8 na asilimia 13 ya vitabu vyote vinapaswa kuwa vipya kila mwaka, yaani takribani kimoja katika kila kumi. Maktaba yenye vitabu 5,000 inayoingiza 500 vilivyochaguliwa na kuondoa 500 vilivyokwisha muda iko hai zaidi ya yenye 50,000 visivyoguswa tangu vilipofika. Idadi ya milioni 3.7 hatutaifikia katika maisha yangu. Kiwango cha kimoja kwa kumi tunaweza kukianza mwaka ujao, hata kwa rafu tatu.

Nimewahi kusaidia kufungua magunia ya namna hiyo katika maktaba moja ambayo sitaitaja. Tulitoa nakala kumi na nne za kitabu kimoja cha kemia cha sekondari, tano zikiwa hazina jalada. Tulitoa mwongozo wa kompyuta unaofundisha Windows 95. Tulitoa kitabu kinene cha sheria za kodi za nchi nyingine, na atlasi nzuri yenye rangi ambamo nchi iliyo ng'ambo ya ziwa letu inaitwa Zaire, jina lililoachwa mwaka 1997. Mtoto wa Kigoma akisimama ufukweni siku isiyo na ukungu anaiona milima ya Kongo kwa macho yake, halafu atlasi ya maktaba inamfundisha jina ambalo hata baba yake halitumii tena. Kila kimoja kati ya hivyo, kikikubaliwa, kinadai kazi ileile anayodai mwenzake aliye bora: kukaguliwa, kupigwa muhuri, kuandikwa kwenye daftari la mapokezi, kupewa namba, kubandikwa lebo mgongoni, kuingizwa kwenye orodha, kutafutiwa nafasi. Mkutubi mwenye msaidizi mmoja akipewa magunia kumi amepewa miezi ya kazi. Miezi hiyo ameiondoa wapi? Kwa wasomaji.

Siku hiyo hiyo nilichukua vitabu kadhaa vilivyokuwa tayari kwenye rafu nikafungua kurasa za nyuma, pale inapobandikwa karatasi ya tarehe ya kurudisha. Kulikuwa na kijitabu chembamba cha Kiswahili cha ufugaji wa kuku wa kienyeji. Karatasi yake ilikuwa imejaa mihuri safu zote, ikabandikwa nyingine juu yake, nayo ikajaa. Mgongo ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweusi wa nguo na kurasa za mwisho hazikuwepo, kwa hiyo aliyekiazima hakuweza kusoma habari za ugonjwa wa kideri hadi mwisho. Pembeni yake vilisimama vitabu vinane vya Kiingereza vyenye jalada gumu, vizito, na karatasi za tarehe nyeupe pe. Hakuna muhuri hata mmoja. Kile kilichosomwa mpaka kikachakaa hakikuwa na nakala ya pili, na vile visivyoguswa vilikuwa na ndugu zao kwenye maboksi stoo. Sijaona maelezo bora ya ugonjwa wetu kuliko rafu ile. Karatasi ya tarehe ni kura ya msomaji, na kura zile hazikuwa zimehesabiwa na mtu.

Wanaotetea magunia wana hoja, na hoja yao nzuri zaidi inastahili jibu la heshima. Wanasema: fungu la kununua vitabu ni dogo au halipo, wachapishaji wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na duka la vitabu la Kigoma kwa kawaida ni duka la daftari na kalamu lenye rafu moja ya vitabu vya shule. Katika hali hiyo, kukataa msaada ni kujinyima. Hilo ni kweli kwa sehemu kubwa. Bila msaada, maktaba nyingi za nchi hii zisingeingiza kitabu kipya kwa miaka. Book Aid International, shirika la Uingereza lililoanza mwaka 1954, limekuwa likileta vitabu vipya kwenye maktaba za Tanzania kwa muda mrefu, na vingi ni vitabu ambavyo hapa nchini havipatikani kwa bei ya mtu wa kawaida. Mgala muue na haki yake mpe. Lakini tofauti iko palepale ninaposisitiza: msaada unaokuja na orodha, ambao mkutubi anaweza kusema hiki nataka na hiki sitaki, unatoka kwenye uamuzi. Gunia linalofika likiwa limefungwa, na kamera ikiwa tayari, linamwacha mkutubi bila nafasi ya kusema hapana. Hata zawadi zilizochaguliwa vizuri haziwezi kubeba kila kitu, kwa sababu vitabu vya msaada wa nje kwa sehemu kubwa ni vya Kiingereza, na msomaji niliyemwona kwenye karatasi ya tarehe alikuwa anaomba Kiswahili.

Hoja ya pili inahusu kuondoa vitabu, na huwa inakuja na hasira. Mtu akiona vitabu vya maktaba vimerundikwa uani vikisubiri kuondolewa, husema mali ya umma inatupwa, au historia inafutwa. Naielewa hasira hiyo. Kitabu tulikipata kwa tabu, na wengi wetu tulilelewa kukishika kwa mikono safi. Tena upo ukweli wa kiutaratibu ndani yake: kitabu cha maktaba ya umma ni mali ya umma kweli, na kuondolewa kwake lazima kuandikwe, kuwe na kamati, kuwe na sababu iliyowekwa saini, ili asije mtu akauza vizuri na kubakiza vibovu. Ila anayesema kisiondolewe chochote kamwe hajafikiria maana ya kubaki. Kitabu cha afya kinachoeleza matibabu ya malaria yaliyokwishaachwa hakikai kwenye rafu bila madhara. Kitabu cha mtaala uliopita kinampotezea mwanafunzi muda ambao hana. Ukulima wenyewe unatufundisha hili: shamba lisilopaliliwa halina mavuno mengi zaidi, lina majani mengi zaidi. Na kuhusu historia, sheria ilishalifikiria jambo hilo. Mchapishaji wa Tanzania anatakiwa kuwasilisha nakala za kila kitabu chake kwenye Bodi ili zihifadhiwe kitaifa. Maktaba ya mkoa inapoondoa nakala yake iliyochakaa ya kitabu kilichochapishwa nchini, taifa bado lina nakala yake. Kazi ya kumbukumbu ya nchi nzima haikuwahi kuwa ya rafu za Kigoma. Kazi ya kumbukumbu ya Kigoma ndiyo ya rafu za Kigoma, na nitarudi kwake.

Iko hoja ya tatu, dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosemwa sana: Watanzania hawasomi, ukitaka kumficha kitu Mtanzania kiandike kwenye kitabu, na sasa simu imemaliza kabisa hicho kidogo kilichobaki. Nimeichoka hoja hii kwa sababu inamgeuza mhanga kuwa mkosaji. Nenda asubuhi penye muuza magazeti uone watu wazima wamesimama kwenye jua wakisoma vichwa vya habari vilivyotundikwa kwa vibanio, mstari kwa mstari, bila kununua. Nenda maktaba yoyote miezi ya Septemba na Oktoba, mitihani inapokaribia, uone kama utapata kiti. Wale wamekuja na madaftari yao wenyewe; wanachokifuata ni meza, taa na utulivu, kwa kuwa rafu haina wanachokitaka. Mtu akiingia dukani mara tatu akakuta nguo za saizi moja tu isiyomtosha, haendi mara ya nne, na hakuna atakayesema mtu huyo hapendi kuvaa. Kuhusu simu, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusomwa bure, na ni kazi nzuri. Lakini katika nyumba nyingi simu janja ni moja, ni ya baba, na inaondoka naye asubuhi. Bando nalo linaisha. Na hata pale simu ipo, mtandao umejaa kila kitu, kwa hiyo anayekutafutia kilicho sahihi anahitajika zaidi ya alivyohitajika zamani. Kompyuta mbili za maktaba zenye intaneti na mkutubi anayejua zilipo nyaraka za kilimo ni sehemu ya hazina ileile, zinachaguliwa na kutunzwa kwa akili ileile.

Ranganathan, mkutubi wa India aliyeanza maisha kama mwalimu wa hesabu, aliandika kanuni tano za maktaba mwaka 1931, na mbili kati yake zinanitosha leo: kila msomaji apate kitabu chake, na kila kitabu kipate msomaji wake. Ukizichukua hizo kwa uzito, huwezi kuanza na vitabu. Unaanza na watu. Kwa hiyo swali la kwanza la maktaba ya Kigoma ni hili: watu wa hapa wanaulizana nini?

Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa miezi mitatu mji ulikuwa na maswali mengi. Dagaa na migebuka huzaliana lini hasa? Kwa nini tufunge ilhali mwenzetu wa ng'ambo anavua? Nchi nne zinazopakana na ziwa, ambazo ni Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilitia saini mkataba wa pamoja mwaka 2003, unasema nini? Ufugaji wa samaki kwenye vizimba unaanza na mtaji gani? Yale yalikuwa maswali ya maktaba, moja baada ya jingine. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ina kituo chake hapahapa Kigoma, na watafiti wameandika juu ya ziwa hili kwa miongo mingi. Rafu moja iliyokusanya ripoti hizo, sheria ya uvuvi, na kurasa kumi za maelezo mepesi kwa Kiswahili ingekuwa na mistari ya watu mlangoni. Gharama yake ni barua, nauli ya kwenda kuzichukua, na karatasi za kurudufu. Hakuna gunia kutoka popote duniani litakaloleta rafu hiyo, kwa sababu hakuna mahali pengine penye ziwa hili na maswali haya.

Ndivyo ilivyo kwa michikichi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu bora za tenera, na mkulima wa Simbo au Mwandiga anataka kujua tofauti ya tenera na dura aliyoiacha babu yake, nafasi ya kupandia, na mashine ya kukamulia mawese isiyopoteza mafuta. Ndivyo ilivyo pia kwa Kifaransa, jambo ambalo mchaguzi wa Dar es Salaam hawezi kulikumbuka kirahisi. Bandari yetu inapeleka shehena Bujumbura, Uvira na Kalemie. Vijana wanaofanya kazi ya mizigo na forodha wanajifunza Kifaransa cha mdomoni, na kuna wageni wengi katika mkoa huu waliosoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza. Kamusi za Kifaransa na Kiswahili, vitabu vya kujifunzia, na hadithi za watoto za lugha zote mbili vingekuwa ununuzi wa busara hapa kuliko pengine popote nchini. Mnunuzi anayetazama takwimu za kitaifa peke yake hatavinunua.

Halafu iko hazina ambayo ikipotea hapa imepotea. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858. Stanley akamkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Safari hizo zimeandikwa na kuchapishwa mara nyingi ng'ambo, na zinapaswa kuwepo kwenye rafu zetu. Lakini Ujiji ile ile ilikuwa na wachukuzi, wavuvi, wachuuzi wa chumvi, masheikh na akina mama wa sokoni, na habari zao zimebaki vichwani mwa wajukuu wazee, kwenye barua zilizokunjwa ndani ya misahafu, kwenye picha za harusi, kwenye mabuku ya vyama vya ushirika. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Wako watu ambao babu zao waliilaza. Meli ya Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, ikarudi kusafirisha watu mwaka 1927, na wako mabaharia wastaafu wanaoijua kila bandari iliyotia nanga. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 na utafiti ule umeendelea mpaka baada ya kifo chake Oktoba 2025, ukiwa umeandikwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, ilhali kwa miaka yote hiyo waliotembea msituni kila siku wakifuata sokwe na kuandika mwenendo wao ni pamoja na watu wa vijiji vya jirani. Chumba kimoja, kabati mbili zenye kufuli, kinasa sauti na kijana mmoja mwenye subira, hiyo ndiyo sehemu ya maktaba ambayo haipaliliwi kamwe. Kila kingine kinaweza kununuliwa tena.

Utunzaji sitauzungumza kwa kirefu, maana wakutubi wanaujua kuliko mimi. Ila kuna mambo yanayoonekana madogo yanayokula vitabu kimya kimya. Rafu ikigusa ukuta, mchwa hupanda nyuma yake na hawaonekani mpaka siku utakapovuta kitabu kikaja jalada tupu. Vidole vinne vya nafasi kutoka ukutani na ukaguzi wa kila wiki vinatosha kuwagundua mapema. Masika unyevu huleta ukungu, na kiangazi vumbi jekundu hupenya kila dirisha. Selotepu ndiyo adui anayekuja kama rafiki. Ukurasa uliochanika ukibandikwa nayo, baada ya miaka michache inakuwa njano, inakauka, inaacha gundi inayokula herufi. Karatasi nyembamba na gundi ya wanga vinadumu zaidi na ni rahisi. Fundi cherehani yeyote wa sokoni anaweza kufundishwa kushona migongo ya vitabu kwa siku moja, na vitabu viwili vya kuku vilivyoshonwa vizuri vina thamani kuliko boksi la sheria za kodi za watu.

Kutangaza ndiko kunakodharauliwa zaidi, kana kwamba kitabu kizuri kitajitembeza chenyewe. Maktaba zetu zimezoea kukaa kimya na kungoja. Ukiingia unaona migongo ya vitabu tu, safu kwa safu, na asiyejua namba za mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa mada anaona ukuta. Meza moja karibu na mlango, vitabu ishirini vikiwa vimesimamishwa jalada likikutazama, vikibadilishwa kila wiki kufuata msimu, huazimwa kuliko mamia yaliyo nyuma yake. Mwezi wa kupanda, weka kilimo. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, weka vyuo na ufundi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, inaleta waandishi wapya wa Kiswahili kila mwaka. Wawekwe mlangoni na tangazo lisomwe redioni. Matangazo ya msikitini baada ya swala na ya kanisani kabla ya baraka ya mwisho hayalipiwi. Boksi la vitabu thelathini likipelekwa mwaloni siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika kwa kuwa taa zao hazina kazi, litakuta wasomaji wenye muda.

Yote haya yanarudi kwenye jambo moja ambalo hatulipendi, nalo ni fedha na anayezisimamia. Maktaba ya mkoa iko chini ya Bodi, na Bodi iko chini ya Wizara ya Elimu. Halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Diwani anaweza kuona maktaba katika kata yake kwa miaka mitano na asiwe na mstari wowote wa bajeti unaoihusu, na hakuna atakayemuuliza. Pengo hilo ndilo linalojazwa na magunia. Wanaosema halmashauri zina mzigo wa madarasa na zahanati wanasema kweli. Lakini hatuzungumzii jengo. Tunazungumzia vitabu mia mbili au mia tatu kwa mwaka, vilivyochaguliwa na mkutubi pamoja na watu wachache wa mji, mwalimu mmoja, mvuvi mmoja, mama mmoja wa sokoni. Na wana-Kigoma walioko Dar es Salaam, ambao moyo wao wa kuchanga hauna shaka, wanaweza kuanza bila kungoja yeyote. Nauli ya gunia la vitabu vya zamani kutoka Dar es Salaam ingeweza kununulia nakala mpya ya kitabu kinachotafutwa. Kabla ya kufunga gunia, mpigie mkutubi simu umwombe orodha yake.

Orodha hiyo inaanzia kwenye daftari la kawaida la kurasa mia moja, linalokaa kwenye kaunta likiwa limefungwa kalamu kwa uzi. Kila msomaji anayekosa alichokifuata anaandika, au anaandikiwa: tarehe, anachotafuta, lugha anayotaka. Baada ya miezi sita daftari hilo litajua mahitaji ya Kigoma kuliko ofisi yoyote. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, na rasimu za bajeti za halmashauri huandaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka. Daftari likianzishwa Julai, ifikapo Januari litakuwa tayari kubebwa hadi kwenye kikao cha madiwani na kufunguliwa mezani, ukurasa wa kwanza.